Stadi za Mawasiliano chuoni: maswali yanayoulizwa kila muhula hapa Tabora

Nafundisha somo hili Tabora. Kila mwaka wa masomo unapoanza maswali huwa yaleyale, zinabadilika sura tu za wanaouliza. Machache huulizwa darasani kwa kunyoosha mkono. Mengi huulizwa mlangoni nikishatoka, kwa sauti ya chini, na hayo ya mlangoni ndiyo niliyoyapa nafasi kubwa hapa. Nimeyawekea namba ili nisirudie jambo mara mbili.

## Mambo ya mwanzo

1. Mimi nimekuja kusomea uhazili. Mawasiliano yanaingiaje?

Kwenye ratiba limeandikwa Communication Skills, na utalikuta kwenye kozi nyingi za cheti, diploma na shahada, mara nyingi mwaka wa kwanza. Limewekwa mapema kwa sababu masomo mengine yanalitegemea. Ndani yake kuna kusikiliza na kuandika notsi, kusoma kitabu kinene bila kukimeza chote, kuandika ripoti, barua na wasifu, kuendesha kikao na kuandika muhtasari wake, na kusimama mbele ya watu ukaeleza jambo likaeleweka.

Mhazili ndiye mlango wa ofisi. Mgeni akifika, kabla hajamwona bosi ameshakutana na sauti yako na namna ulivyomkaribisha. Anayesomea ununuzi ataandikiana na wazabuni, na mwalimu mtarajiwa ndiyo usiseme.

2. Kwa hiyo ni somo la Kiingereza kwa jina jingine?

Hapana, ingawa naelewa linakotoka swali. Chuoni masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, basi na hili huja kwa Kiingereza, na mtu akishindwa kusema anadhani ameshindwa lugha. Nimeona wanaozungumza Kiingereza cha kuteleza wakamaliza dakika kumi bila msikilizaji kujua walikuwa wanadai nini. Nimeona na kinyume chake. Tazama swali la 5.

3. Mtuma ujumbe, njia, kelele, mpokeaji, mrejesho. Nani aliyaleta haya, na kwa nini kila notsi zinaanza nayo?

Mchoro unaoonyeshwa zaidi ulitoka kwa Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell. Aliuchapisha mwaka 1948, na mwaka uliofuata ukatoka katika kitabu pamoja na maelezo ya Warren Weaver. Shannon alikuwa anashughulika na mawimbi ndani ya waya wa simu. Maana ya kilichosemwa haikuwa kazi yake, na alilisema hilo wazi. Mrejesho haukuwa sehemu ya njia kuu ya mchoro wake; wazo hilo lilipata nguvu kutoka kwa watu kama Norbert Wiener, waliokuwa wakichunguza jinsi mitambo na viumbe vinavyojirekebisha. Mtihani ukiuliza modeli ya Shannon na Weaver, usiirundikie kila kitu.

Sasa weka mchoro pembeni, twende stesheni. Hapa Tabora reli inagawanyika, Kigoma upande mmoja na Mwanza mwingine, kwa hiyo kulisikia tangazo vibaya si jambo la kuchekea. Kipaza sauti kinakoroma. Mama ana mtoto mgongoni analia, ana ndoo ya asali mkononi, na mpagazi anapiga kelele za kuomba njia. Hiyo ni kelele ya masikioni. Halafu mtangazaji anataja namba ya behewa kwa haraka, akichanganya na maneno ya kikazi ambayo mama hajawahi kuyasikia. Hapo kelele imehamia kwenye maana: amesikia, hajaelewa. Mama anamgeukia mpagazi: "Baba, amesema behewa gani?" Mrejesho umetolewa, lakini umekwenda kwa mpagazi. Mtangazaji kule chumbani kwake hana habari kwamba hakueleweka, na kesho atatangaza vilevile.

Nikisahihisha mtihani, mwenye mfano wa namna hii namtofautisha mara moja na aliyekariri istilahi tano kwa mpangilio.

4. Ni kweli kwamba asilimia 93 ya mawasiliano si maneno?

Hili ndilo desa (notsi za kunakiliana) linalorithishwa kuliko yote. Asilimia 7 maneno, 38 sauti, 55 sura na mwili. Namba hizo zinatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa toni mbalimbali, wakaonyeshwa na picha za sura, kisha wakaulizwa msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Swali lilikuwa hisia, hasa pale maneno na sauti vinapopingana. Mehrabian mwenyewe alionya kwamba namba zake hazihusu mazungumzo ya kila aina.

Fikiria kidogo. Kama maneno yangekuwa asilimia 7 tu, ungeangalia tamthilia ya Kikorea bila tafsiri ukaelewa karibu yote. Mkeo akikwambia "sijakasirika" huku anabamiza sufuria, hapo Mehrabian ana haki. Ukieleza jinsi ya kujaza fomu ya mkopo, maneno ndiyo kila kitu.

## Lugha

5. Kiingereza changu ni kibovu sana. Nitapita kweli?

Kuna mwaka binti mmoja alisimama mbele ya darasa na karatasi yenye mada ya matumizi bora ya muda. Alisoma mistari miwili akanyamaza. Karatasi ilikuwa inatikisika mpaka tunaisikia. Nikamwambia aiweke mezani, atueleze kwa Kiswahili matobolwa yanatengenezwaje kwao.

Akacheka kwanza. Kisha akaanza: viazi vitamu unavichemsha, unavimenya, unavikata vipande, unavianika juani mpaka vikauke viwe vigumu. Kijana mmoja wa pwani akauliza kama si ndiyo michembe hiyo. "Hapana kaka," akamjibu, na mikono ikaanza kufanya kazi, kiganja kimoja kikawa kisu, kingine kiazi. "Michembe unakata kibichi. Matobolwa lazima yapite jikoni." Dakika nne zikaisha bila karatasi. Nikamwambia arudie yaleyale kwa Kiingereza. Alitumia sentensi za maneno manne, matano. Unachemsha. Unamenya. Unakata. Unaweka juani. Hakukuwa na kosa la kumzuia mtu kuelewa, na kijana wa pwani alitikisa kichwa kila hatua.

Kilichomkwamisha mwanzoni ni kwamba hakuwa na la kusema kuhusu ile mada. Alikuwa amenakili maneno ya mtu mwingine. Anza na jambo unalolijua, kata sentensi fupi, kisha tafsiri. Kila siku soma aya moja kwa sauti, ujirekodi kwenye simu na ujisikilize, hata kama sauti yako inakuudhi. Inaudhi wote.

6. Naweza kuchanganya Kiswahili na Kiingereza ninapowasilisha?

Muulize mwalimu wako kabla ya siku yenyewe. Mimi huruhusu neno la Kiswahili pale ambapo la Kiingereza halifikishi, mradi ulieleze. Kuchanganya katikati ya kila sentensi kwa sababu hukujiandaa, hapana.

7. Mimi ni Msukuma (au Mnyamwezi), nachanganya r na l. Watanicheka?

Watacheka mara moja, hasa ukigombea uCR (uwakilishi wa darasa) na kusema "ndugu zangu, naomba kula". Ilishatokea, na mtu wa nyuma akajibu kwamba kantini imefungwa.

Sababu ni ya kawaida kabisa. Kisukuma na Kinyamwezi hutumia l, r haina nafasi yake ya pekee. Ndugu zetu Waha wa Kigoma huwa na mwelekeo wa kinyume, wanavutwa na r. Ulimi umezoea nyumbani. Lafudhi si kosa, na sikati alama kwa lafudhi. Nakata pale maana inapogeuka: kura na kula, kalamu na karamu, mahari na mahali. Kwenye l ncha ya ulimi inabaki imegusa juu ya meno na hewa inapita pembeni. Kwenye r ncha inagonga na kuachia haraka. Fanyia mazoezi jozi hizo tatu kila asubuhi ukioga. Usihangaike na kamusi nzima.

## Kusimama mbele ya watu

8. Nikisimama natetemeka, moyo unapiga, nasahau kila kitu. Nifanyeje?

Mara ya kwanza mimi kusimama kwenye mdahalo, kidato cha tatu, nilishika karatasi juu chini. Niliisoma hivyohivyo kwa muda kabla ya kugundua kwamba nilikuwa natunga.

Mwili unamwaga adrenalini kama vile umekutana na nyoka. Moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, mikono inatafuta pa kujificha. Kwa watu wengi hali huwa kali zaidi mwanzoni, kisha inashuka kadiri unavyoendelea. Kwa hiyo linda mwanzo. Jifunze sentensi mbili za kwanza kwa moyo kabisa, hizo tu, ili mdomo uanze safari kabla akili haijatulia. Fika mapema, simama pale mbele chumba kikiwa kitupu, useme jina lako kwa sauti. Kabla ya kuanza toa pumzi yote nje. Wengi huvuta tu, wakabaki wamejaa kama puto. Weka uzito kwenye miguu yote miwili. Karatasi ikitetemeka tumia kadi ngumu, haitikisiki sana.

Ukisahau katikati, nyamaza. Kunywa maji. Sekunde tatu kwako ni kama saa nzima, kwa msikilizaji ni nukta.

9. Je, nianze na "itifaki imezingatiwa"?

Kama hujaizingatia, usiseme imezingatiwa. Kauli hiyo inafaa kinywani mwa msemaji wa pili au wa tatu, pale wa kwanza ameshawataja mgeni rasmi na waheshimiwa wengine kwa vyeo vyao. Siku hizi mtu anapanda wa kwanza, hajamtaja yeyote, anasema itifaki imezingatiwa na kuendelea. Na kuna wa upande wa pili, anayetaja watu dakika nne katika hotuba ya dakika tano.

Darasani inatosha: "Mwalimu, wanafunzi wenzangu, habari za asubuhi." Mbele ya wazee, shikamooni, usubiri waitikie, usiiruke. Ukianza na "mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi na Kisukuma, ukumbi wa Tabora utaamka wote, na hiyo ni silaha nzuri, lakini tazama kwanza kama kuna kundi la wageni watakaojiona wameachwa nje tangu sentensi ya kwanza.

10. Nikariri hotuba nzima au nisome?

Vyote viwili ni hatari. Aliyekariri akipoteza neno moja amepoteza mnyororo. Anayesoma anaiongelesha karatasi. Andika vichwa vitano au sita kwenye kadi, ufanye mazoezi kwa sauti mara nne, na kila mara utumie maneno tofauti kidogo.

Kuhusu urefu: ushauri wa vitabu vya Kiingereza, maneno 120 hadi 150 kwa dakika, usiuchukue kama ulivyo. Neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. "Hawatakutambua" ni neno moja, kwa Kiingereza ni sentensi. Mimi kwa Kiswahili hukadiria maneno 90 hadi 110 kwa dakika.

11. Vitabu vinasema nimtazame msikilizaji machoni. Nyumbani nimefundishwa kutomkazia macho mtu mzima. Nifuate lipi?

Swali zuri kuliko mengi yaliyomo vitabuni. Wengi wa walioandika vitabu hivyo wanatoka kwenye desturi ambako kukwepa macho kunatafsiriwa kama kuficha jambo. Kwetu kijana anayeinamisha macho mbele ya mzee ana adabu, na anayemkodolea ana matatizo.

Tenganisha mahali. Jukwaani umepewa ruhusa ya kuwatazama watu. Hata mzee aliyeko mstari wa mbele anategemea uelekeze uso kwake. Maliza sentensi ukiwa na mtu mmoja wa kushoto, inayofuata mpe wa kulia. Kama macho ya mzee yanakuzidi nguvu, tazama paji la uso. Kwa umbali wa hatua tatu haijulikani. Ofisini kwa mkuu wa chuo baki na adabu ya nyumbani, ila unapojibu swali inua uso.

12. Umeme ukikatika nikiwa kwenye slaidi?

Endelea. Kama huwezi kuendelea, basi slaidi ndizo zilizokuwa zinawasilisha. Beba ile kadi ya swali la 10.

13. Tupe mfano wa hotuba ya kushawishi, isiyo ya Ulaya.

Huna haja ya kwenda mbali. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake hapahapa Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili upige kura ulihitaji sifa za kipato au elimu ambazo Waafrika wengi hawakuwa nazo. Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira, wanataka kususa. Nyerere alikuwa na kazi ya kuwaambia watu wake jambo ambalo hawakutaka kulisikia: tushiriki, kwa sababu tukisusa viti vitakwenda kwa wapinzani wetu. Mkutano ukakubali. Uamuzi huo ukaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakushawishika, alijitoa na kuanzisha chama chake.

Pima kwa vipimo vitatu vya Aristotle mnavyofundishwa. Heshima ya msemaji: wajumbe walimjua, alikuwa ameacha kazi ya ualimu kwa ajili ya chama. Hisia: hasira ilikuwepo tayari, kazi ilikuwa kuielekeza. Hoja: nani atakalia viti tukibaki nyumbani? Na usisahau Mtemvu ukiandika insha. Hotuba inaweza kuwa nzuri na bado mtu mwenye akili timamu akaikataa.

## Kuandika

14. Muhtasari wa kikao uandikwe vipi? Mimi huandika kila anachosema mtu.

Hiyo ni kurekodi. Muhtasari unahitaji waliohudhuria na waliotoa udhuru, ajenda, kilichoamuliwa, nani atatekeleza na lini. Majibizano ya mwenyekiti na mweka hazina kuhusu soda yabaki kikaoni, isipokuwa kama kikao kimeamua jambo kuhusu soda.

15. Kuna ubaya gani kudesa, au kuandikiwa na akili mnemba?

Kunakili bila kutaja ulikotoa ni wizi wa kitaaluma, na vyuo vina adhabu zake. Soma kitabu cha mwongozo ulichopewa siku ya usajili, ambacho najua hujakifungua. Taja chanzo kwa mtindo ambao idara yako inautumia.

Akili mnemba mimi naruhusu ikuulize maswali, ikukosoe, ikupe zoezi. Insha iliyoandikwa nayo naitambua kirahisi: nakuita mbele, nakwambia unieleze aya ya pili kwa maneno yako. Aliyeiandika hata ubishi ataleta. Ambaye hakuiandika hutazama dirishani.

## Alama

16. Alama zinagawanywaje?

Vyuo vinatofautiana. Mgawanyo ulioenea ni asilimia 40 kwa kazi za muhula, yaani tesi, kazi binafsi na uwasilishaji, na 60 kwa mtihani wa mwisho. Kosa la kila mwaka ni kudharau zile 40 kwa imani kwamba hili ni somo la maneno tu, halafu mtu anakula sapu (mtihani wa marudio) kwenye somo ambalo wenzake wamelitumia kupandisha wastani.

17. Kwenye kazi ya kikundi mmoja wetu hafanyi chochote. Tumtaje?

Kwanza mwambieni yeye, kabla ya kuniambia mimi, na muwe mmempa sehemu inayoeleweka yenye tarehe. Mara nyingi nimekuta "mvivu" hakuwa na bando la kuingia kwenye kundi la WhatsApp ambako kazi iligawanywa. Ikishindikana, nileteeni muhtasari wa vikao vyenu, kama swali la 14. Huo ndio ushahidi ninaoukubali.

## Hali za pekee

18. Nina kigugumizi. Naweza kusamehewa uwasilishaji?

Unaweza kuomba utaratibu tofauti, na nakushauri uombe mapema, si asubuhi ya siku yenyewe. Ila usiombe kufutiwa kabla hatujazungumza. Kuna wanaowasilisha mbele ya watu wachache, wanaoongezewa muda, na wanaoanza kwa kusema: "Nina kigugumizi, nitasimama mara kwa mara, nivumilieni." Sentensi hiyo inashusha presha, kwa sababu nguvu nyingi za mwenye kigugumizi huishia katika kukificha.

Kigugumizi si woga wala uchache wa akili. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alikuwa nacho, akafanya mazoezi kwa miaka mingi na mtaalamu wa usemi, Lionel Logue kutoka Australia, na alihutubia taifa wakati wa vita akiwa bado nacho. Wataalamu wa tiba ya usemi nchini ni wachache, lakini ukienda hospitali ya mkoa ya Kitete unaweza kuulizia rufaa.

Kwa wenzake darasani: msimmalizie sentensi. Mnadhani mnasaidia.

19. Nina usikivu hafifu. Somo la kusikiliza nitalifanyaje?

Kaa mbele, upande wa sikio zima, na uniambie ili nisiongee nikiwa nimeugeukia ubao. Tabora isingepaswa kuwa mgeni wa jambo hili, maana shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa hapa mwaka 1963. Lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake. Mwanafunzi akiwasilisha kwa alama akiwa na mkalimani, namsahihisha kwa vigezo vilevile: tumeelewa au hatukuelewa?

20. Nina miaka 43, nimetoka kazini kujiendeleza. Vijana watanionaje?

Watakuita mama au baba ndani ya wiki moja, kisha watakuchagua mwenyekiti wa kikundi bila kukuuliza. Kubali, ila kataa kuwaandikia kazi.

21. Usaili wa kazi ni sehemu ya somo?

Kwenye mitaala mingi, ndiyo. Kazi nyingi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira huanza na usaili wa maandishi, na wanaovuka huitwa kwa mahojiano ya ana kwa ana. Nawafanyisha mazoezi wiki ya kumi na mbili: meza moja, viti vitatu vya wanafunzi wanaouliza, mlango umefungwa. Gonga, subiri ukaribishwe, salimu, usikae mpaka uambiwe. "Jieleze kwa kifupi" maana yake dakika moja na nusu, haianzi na shule ya msingi. Njoo na kalamu yako. Muhula uliopita watahiniwa sita kati ya wanane waliombwa wasaini karatasi ya mahudhurio wakaanza kupapasa mifuko.